Kupima Mafuta na Misuli ya Watoto: Mwongozo Kamili kwa Wapimaji wa Shule na Kliniki za Nairobi

Mizani haijui kutofautisha mafuta na misuli. Chukua watoto wawili waliotimiza miaka 11, msichana na mvulana, kila mmoja ana kilo 42.0 na kimo cha sentimita 145.0. BMI yao, yaani uzito wa kilo ukigawanywa kwa kimo cha mita kikizidishwa chenyewe, ni ileile: 20.0. Kwenye chati za Shirika la Afya Duniani (WHO) za mwaka 2007, mstari wa +1 (hatua moja juu ya mstari wa katikati, ambapo uzito uliozidi huanzia) kwa msichana wa umri huo uko 19.9, na kwa mvulana uko 19.2. Wote wawili basi wanaandikiwa uzito uliozidi. Lakini wapime mikunjo ya ngozi, yaani unene wa ngozi iliyobanwa pamoja na mafuta yaliyo chini yake: msichana anaweza kuwa na kilo 9 za mafuta, na mvulana asifike hata 6. Mmoja huenda akahitaji kufuatiliwa, mwingine anacheza mpira na amejaa misuli.

Mwongozo huu ni wa muuguzi wa shule, mtaalamu wa lishe wa kliniki, mwalimu wa michezo na kocha anayetaka kujua mwili wa mtoto umejengwa na nini. Unahusu hasa watoto wa miaka 5 hadi 19. Vifaa vya bei kubwa vimeguswa kwa ufupi, kwa sababu makosa mengi hayatoki kwenye vifaa. Yanatoka kwenye sweta, nywele za kusuka, tarehe ya kuzaliwa na vidole vya mpimaji.

Swali kwanza, kifaa baadaye

Ukitaka kujua hali ya shule nzima yenye watoto 600, pima uzito, kimo na kiuno, basi. Kuongeza mikunjo ya ngozi kwa watoto 600 kutakuchosha, na mpimaji aliyechoka hutoa namba mbaya kuanzia saa tano asubuhi.

Ukitaka kumfuatilia mtoto mmoja kwa mwaka mzima, au timu ya watoto 25, ongeza mikunjo miwili ya ngozi. Mashine ya umeme hafifu, ile inayopima jinsi mwili unavyozuia mkondo wa umeme, inafaa ikiwa unaweza kupata namba ghafi ya ukinzani na una kanuni iliyotengenezwa kwa watoto. DXA (mashine ya eksirei hafifu) na maji ya diuteriamu (maji yenye hidrojeni nzito, yanayoonyesha mwili una maji kiasi gani) ni vya hospitali na watafiti.

Mizani za gym na maduka ya dawa zinazotoa karatasi yenye asilimia ya mafuta, "umri wa mwili" na kadhalika zisitumiwe kwa watoto kabisa. Nyingi zimepangwa kwa mtu mzima. Mwili wa mtoto bila mafuta una maji mengi kuliko wa mtu mzima: kiasi cha asilimia 80 kwa mtoto mchanga, karibu 75 akiwa na miaka 10, na 73 hivi kwa mtu mzima. Kanuni inayodhani kila mwili una asilimia 73 inakosea kabla mtoto hajavua viatu.

Ruhusa, chumba na vifaa

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kuchukua taarifa binafsi za mtoto, na taarifa za afya zinalindwa zaidi. Tuma barua nyumbani angalau wiki moja kabla. Ieleze kitakachopimwa, nguo atakazobaki nazo mtoto, nani ataona majibu na yatahifadhiwa wapi. Mtoto mwenyewe pia aulizwe siku hiyo. Akikataa, asilazimishwe, hata kama mzazi ametia sahihi. Kama ni utafiti, kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, vinatangulia.

Tafuta chumba chenye mlango unaofungika, si kona ya ukumbi wa chakula. Weka pazia. Wasichana wapimwe na mwanamke, na awepo mtu mzima wa pili chumbani kila wakati. Kwa wasichana wanaovaa hijabu, kama ilivyo katika shule nyingi za Eastleigh na South C, waambie mapema kuwa kitambaa kitatolewa nyuma ya pazia kwa dakika moja ya kupima kimo. Ukiwashtukiza, utakosa nusu ya darasa.

Sakafu ni jambo la kwanza kukagua. Weka pimamaji la fundi mahali mizani itakapokaa. Vigae vilivyoinuka na zulia havifai. Kama sakafu ya simenti ina mabonde, weka kipande kigumu cha mbao nene kisha upime tena kwa pimamaji.

Vifaa vya msingi ni hivi: mizani ya dijitali inayosoma kwa gramu 100 au chini yake, ubao wa kupimia kimo unaosoma kwa milimita, tepe nyembamba isiyovutika, kalipa ya mikunjo ya ngozi (koleo linalobana mkunjo na kusoma unene wake), penseli ya kuchora ngozi, tishu na fomu. Tepe ya fundi cherehani huvutika baada ya miezi michache. Iache kwa fundi. Tepe iliyobandikwa ukutani nayo ina tatizo lake: chini ya ukuta mara nyingi kuna ukingo wa mbao au vigae vinavyosukuma visigino mbele, mtoto anasimama kimshazari. Kama huna njia nyingine, tafuta fremu ya mlango isiyo na ukingo.

Kagua mizani kila asubuhi kwa mawe ya mizani ya jumla ya kilo 20 hivi, na tena baada ya kuihamisha. Hapa kuna jambo ambalo wengi Nairobi hawalijui. Mizani ya dijitali hupima nguvu ya mvutano wa dunia, na mvutano huo ni dhaifu kidogo karibu na ikweta na kwenye miinuko. Mizani iliyorekebishwa Ujerumani na kuletwa Nairobi bila kubadilishwa itasoma pungufu kwa karibu asilimia 0.4. Kwa mtoto wa kilo 42, hiyo ni gramu 160 hivi. Mizani nyingi za kitaalamu zina mpangilio wa eneo la mvutano. Ukague kwenye kitabu chake. Kama haina, mawe ya mizani yatakuonyesha kosa, na utajua ni kiasi gani cha kuongeza. Mizani ya zamani ya kusukuma vizani haina tatizo hili, kwa sababu inalinganisha uzito kwa uzito.

Ubao wa kimo ukague kwa fimbo au bomba ulilolipima kuwa sentimita 100 kamili.

Umri

Chati za WHO zinahesabu miezi iliyotimia. Andika tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kupima, uiachie programu ihesabu. AnthroPlus ya WHO inapatikana bure na inafanya kazi hii kwa umri wa miaka 5 hadi 19.

Usimuulize mtoto tu, "Una miaka mingapi?" Atakuambia umri anaokaribia au ule wa wenzake wa darasani. Chukua tarehe kutoka cheti cha kuzaliwa au kijitabu cha kliniki. Ukiona watoto wengi wamezaliwa tarehe 1 Januari, ujue kuna mtu aliyejaza fomu kwa kukisia. Kosa la mwaka mmoja si dogo: msichana yule wa BMI 20.0, akiwa na miaka 12 badala ya 11, mstari wake wa +1 unapanda hadi 20.8, na ghafla uzito wake ni wa kawaida.

Uzito na kimo

Pima asubuhi, kabla ya mapumziko ya uji au chai, na baada ya mtoto kwenda msalani. Mchana mtoto hupungua kimo, wakati mwingine karibu sentimita moja, kwa sababu diski za uti wa mgongo zinabanwa. Ukimpima Machi asubuhi na Julai alasiri, unaweza kudhani hajakua.

Mtoto avue viatu, sweta, koti, mkanda na kila kitu cha mfukoni, abaki na kaptura na fulana ya michezo. Juni na Julai, Nairobi ikiwa na baridi, watoto huja na fulana mbili chini ya shati na soksi nzito. Sweta na viatu vya shule pamoja hufika kilo moja kwa urahisi, na kilo moja inampandisha yule msichana kutoka BMI 20.0 hadi 20.5. Afadhali upashe chumba joto kuliko kukisia uzito wa nguo na kutoa.

Kwa uzito: subiri mizani isome sifuri, mtoto asimame katikati bila kushika kitu, atazame mbele, namba itulie, andika. Ashuke, apande tena. Zikitofautiana kwa zaidi ya gramu 100, rudia mara ya tatu.

Kimo kinahitaji watu wawili:

1. Fungua nywele zilizokusanywa juu ya kichwa. Mabutu na rasta zilizofungwa kileleni zinaweza kuongeza sentimita 3. Ukimpima yule msichana sentimita 148 badala ya 145, BMI yake inashuka hadi 19.2. Kama nywele haziwezi kufunguliwa, tafuta sehemu ya fuvu isiyo na msuko, ukandamize ubao hapo, na uandike kwenye fomu kuwa nywele zilizuia.
2. Visigino pamoja, miguu imenyooka, uzito sawa miguu yote miwili. Msaidizi apige magoti na ashikilie vifundo vya miguu ili visigino visiinuke.
3. Visigino, makalio na mabega viguse ubao. Mtoto mnene hawezi kugusa kila sehemu bila kupinda. Aguse panapogusa, muhimu asimame wima.
4. Nyoosha kichwa hadi mstari wa kufikirika kutoka ukingo wa chini wa tundu la jicho hadi juu ya tundu la sikio uwe sambamba na sakafu. Watoto huinua kidevu ili waonekane warefu. Kidevu kikiinuka, kilele cha kichwa kinashuka, na kimo kinapungua.
5. Mwambie, "Vuta pumzi ndefu, usiinue visigino." Shusha ubao hadi uguse fuvu, soma macho yako yakiwa usawa wa alama, kwa milimita ya karibu.

Rudia kipimo chote, mtoto akishuka na kupanda upya. Tofauti ikizidi milimita 7, pima tena. Hicho ndicho kikomo kilichotumiwa katika utafiti wa WHO ulioleta viwango vya ukuaji vya mwaka 2006. Mtoto wa chini ya miaka 2 hupimwa amelala. Kimo cha kulala huzidi cha kusimama kwa wastani wa sentimita 0.7.

Kuna kipimo kimoja kinachosahauliwa: urefu wa kukaa. Watoto wenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, kama ilivyo kwa wengi wa jamii za wafugaji wa kaskazini, hupata BMI ya chini hata wakiwa na mafuta ya kutosha. Kabla ya kumwita mtoto kama huyo aliyekonda, mketishe kwenye kiti kigumu kilichoegemea ubao na upime kutoka kiti hadi kilele cha kichwa. Gawa kwa kimo. Chini ya 0.50 kwa kijana, usiitegemee BMI peke yake.

Kiuno na mkono

Kiuno hupimwa katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, ubavuni. Tafuta alama hizo mbili kwa vidole, weka alama katikati, zungusha tepe sambamba na sakafu, mtoto akitoa pumzi ya kawaida. Usipime kitovuni, kwa mtoto mwenye tumbo, kitovu hushuka. Watoto huvuta tumbo ndani wakiguswa na tepe. Mwulize jina la rafiki yake, na usome tepe akiwa anajibu.

Gawa kiuno kwa kimo. Ikifika 0.5 au zaidi, mafuta ya tumboni yanastahili kuangaliwa, kwa umri wowote baada ya miaka 6 hivi. Hakuna chati wala programu inayohitajika. Kwa shule isiyo na kompyuta, hiki ndicho kipimo cha faida kubwa kwa kazi ndogo.

Mzunguko wa mkono wa juu hutumika zaidi kutafuta utapiamlo. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na 11.5 hadi chini ya 12.5 ni wa wastani. Bonyeza pia miguu yote miwili kwa kidole gumba kwa sekunde tatu. Shimo likibaki, mtoto amevimba kwa maji, na vipimo vyote vya uzito na mafuta havina maana hadi atibiwe.

Mikunjo ya ngozi

Hapa ndipo mpimaji anapojulikana. Karibu kila kosa la mikunjo linatoka mkononi.

Kalipa nzuri hubana kwa gramu 10 kwa kila milimita ya mraba, iwe wazi kidogo au sana. Za plastiki za bei nafuu hubadilisha nguvu kadiri zinavyofunguka. Zinafaa kufundishia, si kufuatilia mtoto. Kama ndiyo pekee uliyo nayo, usibadilishe kifaa katikati ya mwaka.

Chagua upande mmoja wa mwili na ubaki nao. Wapimaji wa michezo hutumia wa kulia. Utafiti wa WHO wa viwango vya watoto ulitumia wa kushoto. Kinachoharibu kazi ni kuchanganya. Sehemu mbili zinatosha: nyuma ya mkono wa juu, na upande wa ndani wa shavu la mguu.

Anza kwa kufuta ngozi. Watoto wetu hupakwa mafuta asubuhi hadi wanang'aa, na mkunjo wenye mafuta hukuteleza vidoleni kabla kalipa haijatulia. Futa kwa tishu kavu, usisugue, kwa sababu kusugua huleta damu na kuvimbisha ngozi kidogo. Kuchora alama, kalamu ya wino haionekani vizuri kwenye ngozi nyeusi; penseli nyeupe au nyekundu ya vipodozi inaonekana na inafutika.

Nyuma ya mkono:

Mkono ukunjwe kiwiko hadi pembe mraba. Tafuta ncha ya mfupa wa bega na ncha ya kiwiko, pima umbali kwa tepe, weka alama ndogo katikati. Kisha mkono uning'inie umelegea. Peleka alama hiyo nyuma kabisa ya mkono, katikati ya msuli wa nyuma. Alama ikikaa ubavuni badala ya nyuma, mkunjo utakuwa mwembamba kuliko ukweli.

Kwa kidole gumba na cha shahada, kamata ngozi na mafuta yake sentimita moja juu ya alama, mkunjo ukielekea juu na chini sambamba na mkono. Hakikisha hujakamata msuli: mwambie mtoto akaze mkono kisha alegeze. Kama ni msuli, utauhisi ukiponyoka.

Weka meno ya kalipa kwenye alama, si kwenye vidole vyako, kina cha katikati ya ukucha. Achilia kitufe cha kalipa kabisa. Hesabu kimoyomoyo "elfu moja, elfu mbili", soma. Usiachilie mkunjo kwa vidole kabla ya kusoma. Fungua kalipa kwanza, ndipo uiondoe, usiivute ikiwa imefungwa.

Kosa la kawaida kabisa ni kidole kuendelea kubonyeza kitufe cha kalipa kidogo. Namba inakuwa kubwa. La pili ni kusubiri. Kalipa ikibana sekunde nne au tano, maji yanasukumwa kutoka kwenye mafuta na sindano inazidi kushuka. Wapimaji wawili, mmoja wa sekunde mbili na mwingine wa tano, watabishana siku nzima ilhali kila mmoja amesoma kwa usahihi.

Shavu la mguu:

Mtoto aweke mguu juu ya boksi, goti kwenye pembe mraba, mguu umelegea. Pima mzunguko mkubwa kuliko wote wa shavu la mguu, weka alama upande wa ndani kwenye kiwango hicho. Mkunjo ni wa wima. Vijana wakimbiaji wana ngozi iliyokazana hapa. Ukishindwa kukamata, sukuma shavu la mguu juu kidogo kwa mkono mwingine. Ukishindwa bado, andika umeshindwa. Usikisie.

Zungukia sehemu zote mbili mara moja, kisha urudi mara ya pili. Usipime sehemu moja mara mbili mfululizo, kwa sababu mafuta yaliyobanwa yanahitaji muda kurudi. Tofauti ikizidi milimita 2, chukua ya tatu na utumie ya katikati. Kwa vipimo viwili, tumia wastani. Kwa mtoto mnene sana ambaye mkunjo haushikiki, acha kalipa. Namba inayopatikana kwa kulazimisha ni mbaya kuliko kutokuwa na namba, na kumbana mtoto huyo mara tatu ni kumdhalilisha. Tumia kiuno.

Kugeuza milimita kuwa kilo

Kanuni zilizoenea ni zile za Slaughter na wenzake wa Marekani, za mwaka 1988. Kwa mikunjo ya mkono na shavu la mguu ikijumlishwa kwa milimita:

Mvulana: asilimia ya mafuta = 0.735 × jumla + 1.0
Msichana: asilimia ya mafuta = 0.610 × jumla + 5.1

Rudi kwa wale watoto wawili wa kilo 42. Msichana ana milimita 14 mkononi na 13 kwenye shavu la mguu, jumla 27. Asilimia 21.6, sawa na kilo 9.1 za mafuta na kilo 32.9 bila mafuta. Mvulana ana 9 na 8, jumla 17. Asilimia 13.5, sawa na kilo 5.7 za mafuta na 36.3 bila mafuta.

Usiishie kwenye asilimia. Asilimia hupanda mafuta yakiongezeka, lakini hupanda pia misuli ikipungua, na mtoto aliyetoka kuugua anaweza kuonekana ananenepa ilhali anakonda. Gawa kila upande kwa kimo cha mita kikizidishwa chenyewe (1.45 × 1.45 = 2.1025). Msichana: mafuta 4.3, bila mafuta 15.7. Mvulana: mafuta 2.7, bila mafuta 17.3. Zikijumlishwa zinarudisha BMI ya 20.0, na ukipata vinginevyo umekosea hesabu. Sasa ukipima tena baada ya miezi sita unajua ni upande upi uliosogea.

Kumbuka kanuni hizi zilitengenezwa kwa watoto wa Marekani. Kwa mtoto wa Nairobi, asilimia yenyewe ina mashaka. Mwelekeo wake kwa mtoto yuleyule ni wa kuaminika zaidi. Katika kufuatilia timu, wapimaji wengi wazoefu hawabadilishi kabisa: huandika jumla ya milimita na kuishia hapo. Ni uamuzi mzuri. Mpimaji akikosea milimita 2 kila sehemu, asilimia ya msichana husogea kwa karibu 2.4 bila mafuta yake kubadilika.

Mashine ya umeme hafifu

Maji na misuli hupitisha umeme, mafuta huuzuia. Mashine hupima ukinzani, mara nyingi kwa kilohezi 50, kisha kanuni hukisia maji ya mwili. Mashine ya kusimama inayopitisha mkondo kutoka mguu mmoja hadi mwingine haigusi kiwiliwili wala mikono, inakisia. Ile ya mkono hadi mguu, mtoto akiwa amelala, ni bora.

Mtoto awe hajala kwa saa tatu hivi, hajakimbia asubuhi hiyo, na ameenda msalani. Kumbuka mtoto wa Kibera au Mathare anaweza kuwa ametembea mwendo mrefu kufika shule. Mpe muda apumzike. Wakati wa Ramadhani usipime alasiri, kwa sababu mwili uliopungukiwa na maji husomwa kama wenye mafuta mengi. Baridi nayo huongeza ukinzani, kwa hiyo vidole vikiwa baridi, mpashe joto kwanza.

Alale chali kwenye godoro au mkeka, si kitanda cha chuma, kwa dakika 5 hadi 10. Mikono isiguse kiwiliwili, mapaja yasigusane. Kama yanagusana, weka taulo kavu katikati. Atoe saa na bangili. Futa ngozi kwa spiriti. Elektrodi mbili za mkono ziachane kwa angalau sentimita 5, na za mguu vivyo hivyo. Kwa mtoto mdogo mkono hautoshi, hivyo sogeza ile ya ndani juu kuelekea kiwiko na uandike umbali uliotumia. Mwenye kifaa cha kusaidia moyo asipimwe.

Andika ukinzani wenyewe kwa ohmu. Asilimia iliyo kwenye kioo imetoka kwenye kanuni ambayo mtengenezaji mara nyingi haielezi, na toleo jipya la programu linaweza kuibadilisha. Ukinzani hubaki.

Vipimo vya hospitali

DXA hutumia eksirei hafifu, mionzi yake ni pungufu ya picha ya kifua, na hutenganisha mafuta, misuli na mfupa. Kwa watoto, mfupa husomwa mwili mzima bila kichwa, maana kichwa cha mtoto ni kikubwa kwa mwili wake. Omba ripoti hiyo mahususi, na uulize kama mashine ina marejeo ya watoto. Msichana anayeweza kuwa mjamzito asipimwe.

Kwa maji ya diuteriamu, mtoto hutoa mate kwenye pamba, hunywa dozi iliyopimwa, husubiri takriban saa tatu, kisha hutoa mate tena. Si mionzi. Kinachoharibu ni dozi kumwagika au chupa ya dozi kufunguliwa karibu na vichupa vya mate.

Kubalehe

Wasichana huanza kurefuka kwa kasi mapema, kilele kikiwa karibu na miaka 12. Wavulana karibu na 14. Msichana huongeza mafuta kipindi hicho, na ni kawaida ya mwili. Mvulana huongeza misuli, asilimia yake ya mafuta ikishuka. Wavulana wawili wa miaka 13 darasa moja wanaweza kuwa na miili tofauti kwa miaka mitatu ya ukuaji. Andika kama msichana amevunja ungo na mwezi gani, aulizwe faraghani na mwanamke. Ukaguzi wa hatua za kubalehe kwa macho ni kazi ya daktari.

Pima kosa lako mwenyewe

Kabla ya kuanza, pima watoto 10 mara mbili bila kuona namba za kwanza. Kwa kila mtoto toa kipimo cha pili kutoka cha kwanza, zidisha tofauti kwa yenyewe, jumlisha zote, gawa kwa 20, kisha tafuta kipeuo cha pili. Tuseme jumla ni 4.36: ukigawa unapata 0.218, na kipeuo chake ni 0.47. Hilo ndilo kosa lako la mkunjo, milimita 0.47. Ikiwa wastani wa mkunjo ni milimita 10, kosa ni asilimia 4.7, chini ya 5 ni kazi nzuri.

Zidisha kosa hilo kwa 2.8 upate 1.3. Mkunjo wa mtoto ukibadilika kwa chini ya milimita 1.3, usimwambie mtu yeyote kuwa umebadilika.

Kutoa majibu

Kwa kawaida mpimaji husoma namba kwa sauti na mwandishi huirudia, ili kuzuia makosa. Mbele ya foleni ya darasa, utaratibu huo huzaa majina: "kibonge", "sindano". Semeni kwa sauti ya chini nyuma ya pazia, na fomu iwe na nambari ya mtoto badala ya jina. Mtoto akiuliza, "Nimepata ngapi?", mwambie atapewa pamoja na mzazi. Usimpe asilimia ya mafuta msichana wa miaka 14 akiwa peke yake.

Mpeleke kliniki mtoto aliye chini ya -3 kwenye chati mara moja, na aliye chini ya -2 au juu ya +2 ndani ya wiki chache. Mpeleke pia aliyehama mistari miwili ya chati ndani ya mwaka, hata kama bado yuko katikati. Kijana aliyepungua haraka, anayekwepa chakula cha mchana na kuuliza uzito wake kila wiki, anahitaji kuonwa na daktari kabla hajapandishwa mizani tena.

Uzito na kimo vinaweza kurudiwa kila muhula. Mikunjo na mashine ya umeme, miezi sita. Chini ya mitatu unapima kosa lako tu. Mpimaji awe yuleyule, kalipa ileile, saa ileile ya asubuhi, na jina la mpimaji liandikwe kwenye kila fomu.